Nilipiga kura ya kutoka nikiwa na saumu, leo binti yangu hanisemeshi

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa tisa usiku, nikiwa zamu kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Luton, Uingereza. Wazee wote wamelala. Mimi usingizi umenikimbia tangu Idd.

Kwetu ni Tanga, nina miaka 48. Nilikuja huku mwaka 2003 kumfuata mume wangu, ambaye ni mtu wa Mombasa. Tumejaaliwa watoto wawili. Yeye anaendesha lori, mimi nalea wazee wa watu. Ugomvi ulioingia nyumbani kwangu si wa pesa wala wa mke mwenza. Ni wa kura moja niliyoipiga miaka kumi iliyopita.

Tarehe 23 Juni 2016 nchi hii ilipiga kura ya maoni, ibaki kwenye Umoja wa Ulaya au itoke. Pasipoti yangu ni ya Tanzania mpaka leo, lakini sheria ya huku inamruhusu mtu wa Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi apige kura, na jina langu lilikuwa kwenye daftari. Ilikuwa Ramadhani, ile ya mchana mrefu, tunafuturu saa tatu usiku na ushei. Nilitoka kazini koo limekauka, nikapitia kituoni. Karatasi ilikuwa na visanduku viwili tu, na penseli imefungwa kwa uzi. Nikatia alama kwenye kutoka. Nilipofika nyumbani mume wangu akaniuliza, "Umepiga?" Nikamjibu, "Nimepiga." Yeye alipiga ya kubaki, akadhani tuko pamoja. Sikumsahihisha.

Sababu yangu ilikuwa mama. Aliomba viza ya kuja kututembelea mwaka 2013, akanyimwa. Akaomba tena 2015, akanyimwa, kwamba hawakuridhika kuwa atarudi kwao. Mama mwenye nyumba yake, minazi yake Pongwe, na wajukuu tisa! Wakati huohuo naona kazini mwenzangu kutoka Poland anamleta mama yake kwa tiketi ya bei chee, pasipoti mkononi, wiki mbili anakula Krismasi na wajukuu. Sikumwonea husuda, wallahi, nampenda yule dada. Lakini moyo uliniuma. Siku chache kabla ya kura akaja mtu wa kampeni mlangoni, akaniambia nchi ikitoka mlango utakuwa mmoja kwa wote, na sisi wa Jumuiya ya Madola tutapata haki yetu. Nikamwamini. Mama alifariki 2018, hajaingia jikoni kwangu hata siku moja.

Huyo Mpolandi ndiye aliyenishika mkono siku ninamzaa mtoto wa pili, mume akiwa safarini. Alikuwa huku tangu 2005, analipa kodi kama mimi, lakini kura ile hakuruhusiwa kupiga. Mimi niliruhusiwa. Asubuhi ya tarehe 24 alikuja kazini macho mekundu, akanikumbatia, akasema, "Angalau wewe umenipigia." Nikanyamaza. Wiki ileile mtu alimwambia kwenye basi afunge virago arudi kwao. Mwaka 2021 yeye na mumewe walirudi kweli, ingawa kibali cha kubaki walikuwa nacho. Tunapigiana simu kila Jumapili.

Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka 11 wakati ule. Sasa ana 21, anasoma Kihispania na Kifaransa chuo kikuu. Mwaka wa tatu ilikuwa akae Uhispania, asaidie kufundisha kwenye shule moja huko. Zamani wenziwe walichukua pasipoti na begi wakaenda. Yeye alitakiwa viza: cheti cha polisi chenye muhuri wa apostili, cheti cha daktari, uthibitisho wa fedha, na tafsiri juu yake. Karatasi moja ikija, nyingine haijafika. Shule ikafunguliwa, nafasi akapewa mwingine. Mwaka huu binti yangu anapanga maboksi kwenye ghala.

Sasa Idd hii tulikuwa watu kama ishirini na watano nyumbani. Pilau limeshapakuliwa. Binti yangu akasema waliopiga kura ya kutoka wamemwibia ujana wake. Shemeji, mdogo wa mume wangu, yeye ni mtu wa kutoka na hafichi, akacheka: "Basi muulize mama yako alikuibia lini." Nilimwambia mwenyewe mwaka 2016, siku ya matokeo, nikijua ni siri kati yetu. Binti akanigeukia: "Mama, kweli?" Mume wangu akaweka kijiko chini. Sikuweza hata kusema ndiyo.

Tangu siku hiyo binti hanisemeshi ila kwa lazima. Na mambo hayakubaki ndani. Shemeji ameyapeleka kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa huku. Wamegawanyika, wengine wanaitana wasaliti, wengine wapumbavu, watu kumi na moja wameshajitoa. Mume wangu anataka niandike kwenye kundi kwamba najuta. Shemeji anasema nisiiname, tangu nchi itoke Waafrika wangapi wameingia kwa viza za uuguzi na ulezi? Na yule rafiki yangu anataka kuja Agosti, alale kwangu. Hajui lolote.

Shangazi, nilikosea? Nimwambie nini mwanangu? Na yule dada nimwambie, au niliache lilivyolala?

Niliyenyamaza,
Luton

* * *

Marahaba, mdogo wangu.

Pole kwa mama. Naanza na yeye kwa sababu barua yako yote imetoka kwake, na nina wasiwasi kwamba kwenye makelele haya yote hakuna aliyekupa pole hiyo. Kunyimwa mara mbili kumwona mama yako kwenye nyumba yako ni jeraha. Usikubali mtu akwambie kwamba hasira yako ilikuwa ya kijinga. Ilikuwa na haki kamili.

Ila uliipeleka nyumba isiyo yake. Viza ya mama yako haikukataliwa Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya. Uingereza haikuwahi kuingia kwenye utaratibu wa Schengen, ule wa nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, na hata ilipokuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya, ni serikali yake yenyewe iliyoamua nani wa Tanzania, Kenya, India au Nigeria aingie na kwa masharti gani. Aliyesema mama yako hatarudi Pongwe alikuwa anafuata kanuni za London. Mwaka 2012 London iliweka sharti kwamba anayetaka kumleta mwenzi wake kutoka nje ya Ulaya awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Brussels haikuwaambia wafanye hivyo. Na nchi ilipotoka, sharti hilo halikulegezwa. Aprili 2024 lilipandishwa hadi pauni 29,000. Mlango ulikuwa mmoja kweli kama ulivyoahidiwa, lakini badala ya wewe kufunguliwa kama Mpolandi, Mpolandi ndiye aliyefungiwa kama wewe.

Wewe hukuwa peke yako kuamini. Katika kampeni ile Priti Patel, ambaye wazazi wake walitokea Uganda, aliwaambia wenye migahawa ya Kihindi kwamba nje ya Umoja itakuwa rahisi kuwapata wapishi kutoka Asia. Kulikuwa na lile basi jekundu lililoandikwa kwamba nchi inapeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, bora pesa hizo ziende kwenye hospitali. Mamlaka ya takwimu ya nchi hiyohiyo ilisema tarakimu ile inapotosha, basi likaendelea na safari zake. Mtu aliyekuja mlangoni kwako aligusa pale palipokuwa panauma, na huenda yeye mwenyewe aliamini.

Shemeji yako nisimnyime haki yake. Ni kweli kwamba tangu mfumo mpya uanze Januari 2021, watu wengi wa nje ya Ulaya wameingia kwa viza za kazi, na Kenya ilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya na Uingereza mwaka huohuo. Wewe mwenyewe umewaona kazini. Lakini amalizie habari. Machi 2024 walezi wapya walikatazwa kuja na waume, wake au watoto wao. Julai 2025 njia ya kuwaajiri walezi wapya kutoka nje ikafungwa. London ilifungua, London ikafunga, na ingeweza kufanya yote mawili bila kutoka popote. Akiweza kulijibu hilo bila kupandisha sauti, msikilize.

Mume wako naye asiseme kwamba wote milioni 17.4 waliopiga ya kutoka walikuwa wapumbavu au wabaguzi. Kuna waliotaka kwa dhati sheria zao zitungwe na watu wanaoweza kuwaondoa kwa kura. Kuna wavuvi wenye kinyongo cha miaka mingi. Kuna miji iliyokaa bila kuulizwa neno, na siku ilipoulizwa ikajibu hapana. Hapo Luton kwenu asilimia 56.5 walisema kutoka. Ni majirani zenu, mnaazimana ngazi na kuchungiana watoto.

Mimi nikiulizwa, nadhani walikosea, nasema wazi. Ofisi ya serikali inayokadiria hesabu za bajeti imekuwa ikisema kwamba tija ya nchi itakuwa chini kwa takriban asilimia 4 kuliko kama wangebaki. Na binti yako amepanga maboksi mwaka ambao angekuwa darasani Uhispania. Hilo silihitaji kulitafutia takwimu.

Sasa swali lako, ulikosea? Tupime kosa kwa ukubwa wake. Kutoka kulishinda kwa kura zaidi ya milioni 1.2. Ungetia alama kwenye kisanduku cha pili, au ungepita moja kwa moja nyumbani kukaanga sambusa, binti yako angetakiwa karatasi zilezile. Mwanao hajaibiwa na penseli yako. Usibebe nchi nzima mgongoni, hata kama kuna watu ishirini na watano sebuleni wanaokutwisha.

Hapa kwingine sitakupunguzia. Asubuhi ile, rafiki yako alipokukumbatia na kusema umempigia, ulimwachia aondoke na kitu kisicho kweli. Yeye hakuwa na sauti, wewe ulikuwa nayo, na aliamini uliitumia kwa ajili yake. Umekaa na hilo miaka kumi, Jumapili kwa Jumapili. Mume wako ulimjibu "nimepiga" ukamwacha apotee mwenyewe. Kura yako ilikuwa haki yako na siri yako kisheria, hukuwa na deni la kumwambia mtu yeyote. Lakini kumwacha mtu akushukuru kwa jambo ambalo hukumfanyia, hiyo si siri ya kura tena.

Nikupe habari moja ya kwetu, labda itakufaa.

Nilikuwa na miaka tisa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mwaka 1977. Baba alikuwa fundi wa reli pale Moshi, reli ya Jumuiya, ile iliyokuwa ikipita Taveta, upande wa Kenya, kwenda Voi. Mama mdogo wangu alikuwa ameolewa Taveta. Kwetu Taveta ilikuwa ni kwenda asubuhi na kurudi jioni. Shirika la ndege likavunjika, kila nchi ikashika mabehewa na ndege iliyoziweza, na Februari Tanzania ikafunga mpaka. Barazani kwetu wakawa wanagombana kila jioni, huyu anasema Kenya ndiyo iliyotaka kula peke yake, yule anasema kufunga mpaka ni kuwaadhibu watu wetu wenyewe. Baba alikuwa na uchungu wa kazi yake. Jioni moja akasema mbele ya watu, "Waende zao, na waliooleana nao waende nao." Mama alikuwa ndani anapepeta mchele. Nakumbuka ungo ulisimama.

Mama alikuwa amemnunulia mdogo wake doti ya kanga. Aliikunja, akaitia kwenye sanduku pamoja na vipande vya udi, ikakaa humo miaka sita. Maneno ya baba hayakukaa sandukuni. Yalipita njia za panya na wasafiri, yakafika Taveta.

Mpaka ulifunguliwa 1983. Mama mdogo akaja, ana mtoto mgongoni ambaye hatujawahi kumwona. Baba hakungoja aulizwe. Kabla hata hajaketi, baba akasimama mlangoni akamwambia, "Shemeji, nilisema hivi na hivi. Nilisema mimi. Nilikuwa na hasira na kazi yangu nikakupiga wewe." Mama mdogo hakumjibu. Alikaa, akanywa maji, akamnyonyesha mtoto. Mama akatoa ile doti, rangi imefifia kwenye mikunjo. Mama mdogo akaomba mkasi. Akaikata katikati, kipande kimoja akamrudishia dada yake, kimoja akajifunga palepale.

Nchi zenyewe zilichukua mpaka 1984 kukubaliana kugawana mali, na wastaafu wa Jumuiya waliendelea kudai haki zao miaka mingi baada ya hapo. Nyumbani kwetu lilikwisha mchana mmoja, kwa sababu aliyesema ndiye aliyetangulia kukiri.

Tuje kwa binti yako. Mchukue peke yake, nje ya nyumba kama inawezekana, hata kwenye gari. Usianze kwa kujitetea wala kwa zile "ulikuwa mdogo, hujui". Sema ulichofanya kwa sentensi moja: nilipiga ya kutoka, sikukwambia, na siku ya Idd nilishindwa hata kukujibu. Halafu mwoneshe barua mbili za kumnyima bibi yake viza. Nina hakika unazo, mtu hatupi karatasi kama hizo. Mwache azisome mwenyewe mpaka mwisho. Yeye ana karatasi zake za Uhispania, wewe una za mama yako, na sidhani kama amewahi kufikiri kwamba anayajua machungu yako kwa mkono wake. Asiposema kitu siku hiyo, usimkamue. Ana haki ya kukasirika. Hakuwa na kura, na uamuzi ule yeye ndiye atakayeishi nao muda mrefu kuliko wewe na mimi.

Tena usimfariji kwa habari kwamba serikali imekubali kurudi kwenye mpango wa wanafunzi wa Erasmus+ kuanzia 2027. Anaijua. Haimhusu tena, na kuisikia kwa mama yake kutamuuma upya. Muulize badala yake kama bado kuna nafasi ya kwenda hata miezi miwili mitatu kabla hajamaliza chuo, na kama kuna nauli ya kuchangia, changia. Usimwambie kwamba unalipa deni. Lipa tu.

Kwenye kundi usiandike neno. Najua mume wako ana fedheha. Alikuwa akibishana barazani miaka yote kwa uhakika kwamba nyumba yake ni moja, na ameumbuliwa mbele ya wageni wake. Mwombe radhi yeye, chumbani, kwa lile "nimepiga". Anastahili hiyo. Lakini radhi ya hadharani anayoitaka haitamponya. Itawapa tu watu mia mbili kitu cha kujibu. Hebu tazama nchi yenyewe. Bunge lao lilimkatalia waziri mkuu Theresa May mkataba wake wa kutoka kwa kura 432 dhidi ya 202 mnamo Januari 2019. Watu wakaandamana London kwa maelfu na maelfu, zaidi ya milioni 6 wakatia saini ombi la kufuta safari nzima, mawaziri wakuu wakaondoka, uchaguzi ukaitishwa, na walipotoka rasmi Januari 31, 2020 bado jirani alikuwa hamwamkii jirani. Kama hao wenye bunge, majaji na magazeti hawakuweza kulimaliza kwa kupigizana kelele, kundi la WhatsApp la Waswahili litalimalizaje? Kundi hilo mnalihitaji kwa misiba, kwa kuchangiana kusafirisha maiti, kwa kumtafutia mgeni chumba. Mume wako amwendee msimamizi wake kwa heshima, amwombe mjadala huu ufungwe, na wale kumi na moja wapigiwe simu mmoja mmoja warudi.

Shemeji yako ni suala jingine, na hapa nina hasira kidogo. Awe wa kutoka, awe wa kubaki, hiyo ni shauri yake. Lakini siri uliyompa ilikuwa amana, naye aliitoa mezani kwako, juu ya pilau lako, mbele ya mwanao, ili ashinde ubishi. Hilo asizungumze nalo kwa kicheko. Kaka yake amwite, amwambie palepale kwamba ameharibu, na kwamba ana la kumwambia binti yenu pia. Msijadili Ulaya siku hiyo. Akianza kuipenyeza, mrudisheni kwenye amana.

Nimemweka rafiki yako mwisho kwa sababu ndiye anayekutisha zaidi, nimeliona hilo kwenye barua. Swali lako lote la mwisho umelifupisha kuliko mengine. Unataka nikwambie uliache lilale.

Haliwezi kulala. Binti yako anajua, shemeji anajua, kundi zima linajua. Agosti huyo dada atakaa kwenye sofa lilelile, na kuna mtu atakayeropoka, kama si kwa ubaya basi kwa bahati mbaya. Wapolandi waliyaona ya kuwatosha baada ya kura ile. Siku tatu tu baadaye, kituo chao cha utamaduni pale Hammersmith kiliamkia maandishi ya matusi mlangoni. Huyu wako aliambiwa kwenye basi afunge virago. Asije akalisikia la kwako akiwa mgeni, begi lake lipo chumbani kwako na tiketi ya kurudi ni ya wiki mbili zijazo, hana pa kwenda kulia.

Mpigie. Usiandike, maana maandishi hayana sauti na hayajui kunyamaza pale anapotakiwa kunyamaza. Mwambie habari za mama yako kwanza, kwa ufupi, bila kuzifanya kinga. Kisha mkumbushe ile asubuhi, maneno yake yenyewe, na umwambie hukumpigia. Anaweza kukata simu. Anaweza kukuuliza kwa nini ulimwacha akukumbatie, na hapo ujibu ukweli, kwamba uliona haya. Anaweza asije Agosti. Huo utakuwa uamuzi wake, na safari hii atakuwa ameulizwa.

Jumapili hii, basi. Kabla hajakata tiketi.

Shangazi